Baada ya Mlipuko: Mwongozo wa Kuzuia Taharuki na Kulinda Utulivu wa Jamii

Alfajiri ya tarehe 12 Aprili 2015, katika bweni la wanafunzi wa chuo kikuu huko Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, hitilafu ya umeme ilitoa milio mikubwa iliyowaamsha watu kutoka usingizini. Siku kumi kabla ya hapo, watu 148 walikuwa wameuawa katika shambulio la chuo kikuu cha Garissa, kwa hiyo hakuna aliyengoja kuambiwa kinachoendelea: wengi walijirusha kutoka ghorofani, mmoja akafa na wengine zaidi ya mia moja wakajeruhiwa. Hapakuwa na gaidi hata mmoja.

Mwongozo huu unahusu madhara ya namna hiyo, yaani yale yanayoletwa na hofu yenyewe katika saa na siku zinazofuata shambulio kubwa. Unamlenga mtu wa kawaida mwenye familia na majirani, pamoja na yeyote aliyekabidhiwa watu, awe msimamizi wa jengo, mwalimu, kiongozi wa mtaa, au hata msimamizi wa kundi la mtandaoni ambaye hakuwahi kufikiri kwamba siku moja maneno yake yatakuwa na uzito.

Kabla ya hatua zenyewe, kuna dhana moja inayopaswa kuondolewa, kwa sababu mipango mingi huharibikia hapo. Wengi huamini kwamba umati ukishikwa na hofu hugeuka kundi la wanyama, kila mtu akijipigania mwenyewe. Mwanasosholojia Enrico Quarantelli, aliyeanza kuchunguza mienendo ya watu katika majanga miaka ya 1950, pamoja na watafiti waliomfuata, walikuta mara nyingi kinyume chake. Katika mashambulio ya London ya tarehe 7 Julai 2005, ambako watu 52 waliuawa, abiria waliokwama gizani ndani ya mahandaki ya treni waligawana maji, wakafungana majeraha kwa nguo zao na kusubiriana. New York, tarehe 11 Septemba 2001, waliokuwa wakishuka ngazi za majengo mawili ya World Trade Center yaliyogongwa na ndege walishuka kwa foleni, wakiwapisha majeruhi na wazimamoto waliokuwa wakipanda. Na siku hiyohiyo, watu wapatao 500,000 walivushwa kutoka kusini mwa Manhattan kwa maboti na vivuko katika muda wa saa tisa hivi, kazi ambayo haikuwa na mpango wowote ulioandaliwa mapema.

Hii haimaanishi kwamba taharuki ni hadithi tu. Huzuka pale watu wanapoona njia ya kutokea inafungwa, pale habari zinapokosekana au kupingana, na pale wanapoacha kuwaamini wanaowaongoza. Hatua zifuatazo zinashughulika na mambo hayo matatu.

Hatua ya kwanza: Kubalianeni mapema

Kaeni nyumbani jioni moja, simu zikiwa pembeni, mkubaliane mambo machache. Chagueni mahali pawili pa kukutania, pa karibu na nyumbani na pengine pa mbali kidogo, iwapo mtaa wenu utafungwa. Mteueni mtu mmoja anayeishi mji mwingine awe ndiye wa kupokea taarifa za kila mmoja, kwa kuwa mara nyingi ni rahisi kuwasiliana na mtu wa mbali kuliko na aliye ndani ya eneo lenye msukosuko. Namba zake na za wengine ziandikwe kwenye karatasi ngumu na kila mtu abebe yake, hata mtoto. Wengi wetu hatukumbuki kwa kichwa hata namba ya mwenzi wetu, na betri ikiisha tunabaki kama wageni katika mji wetu wenyewe.

Mzazi anapaswa kujua shule ya mtoto wake ina utaratibu gani. Baada ya tukio kubwa, mamia ya wazazi hukimbilia shuleni kwa wakati mmoja, barabara zikaziba na magari ya wagonjwa yakakosa njia, wakati ambapo mara nyingi watoto wako salama zaidi darasani kuliko popote pengine. Ukishaujua utaratibu huo, itakuwa rahisi kuutii moyo ukiwa unadunda.

Mwisho, jizoeze kuangalia milango ya kutokea kila unapoingia mahali penye watu wengi. Binadamu hupenda kutoka kwa mlango alioingilia, hata kama mwingine uko hatua chache nyuma yake.

Hatua ya pili: Usikimbilie dirishani

Tarehe 7 Agosti 1998, wakati ubalozi wa Marekani mjini Nairobi uliposhambuliwa, bomu halikulipuka mara moja. Ulisikika kwanza mlipuko mdogo na milio ya risasi, na watu waliokuwa kazini katika majengo ya jirani wakasogea madirishani kuona kuna nini. Lilipolipuka bomu lenyewe, vioo viliwapiga usoni, na wengi wakapoteza macho. Watu 213 walikufa Nairobi siku ile, na wengine 11 Dar es Salaam karibu wakati huohuo. Ukisikia kishindo usichokielewa, basi, rudi nyuma, inama, weka ukuta kati yako na nje, kisha ndipo uanze kujiuliza ni nini.

Ukiwa nje, ondoka eneo hilo na uendelee kwenda, wala usisimame mahali ambapo wengine wanakusanyika kutazama. Kule Bali, kisiwa cha Indonesia, tarehe 12 Oktoba 2002, bomu la kwanza lililipuka ndani ya baa, na muda mfupi baadaye likafuata kubwa zaidi lililokuwa ndani ya gari mtaani, mahali ambapo watu walikuwa wakikimbilia. Waliokufa kwa jumla walikuwa 202. Kama washambuliaji bado wapo na huwezi kuondoka, jifungie, zima mlio wa simu pamoja na mtetemo wake, uzime taa, kisha uwaarifu polisi kwa sauti ya chini au kwa ujumbe ikiwa huduma hiyo ipo. Usifungue mlango kwa sababu tu mtu aliye nje anasema ni askari, hakikisha kwanza.

Ukijikuta katikati ya umati unaosukumana, jua kwamba wengi wanaokufa katika mkanyagano hufa kwa kubanwa kifua hadi kukosa pumzi, mara nyingine wakiwa wangali wamesimama. Inua mikono mbele ya kifua kama bondia anayejikinga, ili mbavu zipate nafasi ya kutanuka. Usishindane na msukumo uso kwa uso. Subiri ulegee kidogo, kisha sogea kimshazari kuelekea pembezoni. Ukiangusha kitu, kiache. Ukianguka wewe, lala ubavu, kunja magoti, kinga kichwa na shingo, na uinuke upatapo nafasi ya kwanza.

Umati wa namna hii hauhitaji bomu. Tarehe 31 Agosti 2005, mahujaji walipokuwa wakivuka daraja mjini Baghdad, ilivuma kwamba kuna mtu aliyejifunga mabomu, na zaidi ya watu 900 wakafa kwa kukanyagana na kuzama mtoni. Mjini Turin, Italia, tarehe 3 Juni 2017, wezi waliotumia dawa ya kuwasha macho katika uwanja uliojaa watazamaji wa mpira waliwafanya watu wadhani wameshambuliwa. Zaidi ya 1,500 walijeruhiwa, wengi wao kwa vipande vya chupa zilizokuwa zimetapakaa chini. Kwa msimamizi wa mahali kama hapo, funzo ni la kivitendo kabisa: milango iwe wazi, njia zisiwe na vizuizi, na awepo mtu mwenye kipaza sauti anayejua atasema nini.

Hatua ya tatu: Zuia damu

Hatua hii ni fupi, lakini ndiyo inayookoa watu wengi. Mtu anayetoka damu nyingi anaweza kufa ndani ya dakika chache, kabla gari la wagonjwa halijafika. Kandamiza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, na usiondoe mkono ili kuchungulia kama damu imekoma. Kama ni mkono au mguu na damu haizuiliki, funga mshipi mpana, usiwe uzi mwembamba, sentimita tano hadi saba juu ya jeraha kuelekea mwilini, pasipo kuufunga juu ya kiungo; pitisha kijiti, uzungushe hadi damu ikome, kisha andika saa uliyofunga. Kitamuuma sana, nawe usilegeze kwa huruma. Katika mlipuko wa mbio za Boston mwaka 2013, watu watatu walifia palepale, lakini majeruhi zaidi ya 260 waliotibiwa walinusurika wote, na baadhi yao walikuwa wamefungwa kwa mishipi na nguo na watu waliokuwa karibu tu.

Kuna faida nyingine isiyosemwa sana: mtu aliyepewa kazi hana nafasi ya kuchanganyikiwa. Ukiona mtu amesimama akitetemeka, usimwambie atulie. Mwambie ashike kitambaa hiki, au alipungie mkono gari lile.

Hatua ya nne: Tumia simu kwa uchache

Baada ya shambulio, kila mtu hupiga simu kwa wakati mmoja na mitambo ikazidiwa. Mjini Brussels, tarehe 22 Machi 2016, mamlaka ziliwaomba wananchi waache kupiga na badala yake watume ujumbe. Ujumbe mfupi huhitaji nafasi ndogo na hupenya pale ambapo sauti haipiti. Uandike kwa ukamilifu ili usizue maswali: "Mimi ni mzima. Niko kazini, sina jeraha. Nitabaki hapa mpaka saa kumi na moja. Mwambie mama." Ujumbe wa namna hii unamaliza simu sita ambazo zingepigwa. Ule wa "mmesikia??" unazizalisha.

Hatua ya tano: Ukatae uvumi bila kumdharau anayeuleta

Hapa ndipo pagumu kuliko hatua nyingine zote, na ndipo mwandishi huyu anapotaka kukaa kidogo. Uvumi hauenezwi na watu wabaya tu. Huenezwa sana na watu wenye upendo, shangazi, mwalimu mstaafu, kijana wa msikitini au kanisani, kila mmoja akidhani anaokoa maisha. Chukua ujumbe wa aina ambayo kila mwenye simu amewahi kuupokea: "Nimeambiwa na ndugu yangu aliye jeshini kwamba kuna mabomu mengine matatu mjini. Msitoke leo wala kesho. Tuma kwa wote uwapendao." Utazame polepole. Msemaji hatajwi, anatajwa ndugu wa msemaji. Idadi ya mabomu imetolewa kwa uhakika mkubwa, lakini hakuna jina la mahali hata moja. Tarehe haipo, kwa hiyo ujumbe huo utasomeka kuwa wa leo hata baada ya wiki mbili. Na mwisho umefungwa kwa mapenzi, ili asiyeutuma aonekane hapendi watu.

Kumjibu mwenzako kwamba anaeneza uongo humfanya ajitetee, na pengine autume tena. Jibu hivi: "Asante kwa kutujali. Ujumbe hautaji nani amesema wala ni wapi, kwa hiyo naomba tusiusambaze hadi polisi au chombo cha habari tunachokiamini kithibitishe. Nikipata taarifa nitaiweka hapa." Kisha uiweke kweli. Msimamizi wa kundi anaweza kutangaza kwamba kwa saa ishirini na nne zijazo watu wawili tu ndio watakaoweka taarifa, na nyingine zote zipitie kwao.

Ikumbukwe pia kwamba taarifa rasmi za mwanzo zinaweza kuwa na makosa pasipo nia mbaya. Asubuhi ile ya London mwaka 2005, maelezo ya kwanza yalikuwa ni hitilafu ya umeme. Kwa hiyo ichukue taarifa ya saa ya kwanza kama ya muda, hata ikitoka kwa mwenye cheo, na usiitumie kumshutumu mtu yeyote.

Picha nazo zina hatari yake. Wakati wa mashambulio ya Mumbai ya Novemba 2008, waliokuwa wakiwaongoza washambuliaji kwa simu walikuwa wakifuatilia operesheni ya vikosi kupitia televisheni iliyokuwa ikirusha moja kwa moja. Usipige wala kurusha picha za askari walipo, walikojificha watu, au nyuso za marehemu ambao ndugu zao bado hawajaarifiwa. Mwaka 2015, polisi wa Brussels walipoomba raia wasitangaze misako iliyokuwa ikiendelea, watu walijaza mtandao picha za paka. Ulikuwa mzaha, lakini siri ilitunzwa.

Hatua ya sita: Wazuie wanaotafuta wa kulaumiwa

Mpasuko wa jamii huanza polepole. Huanza kwa jirani ambaye hasalimiwi tena, kwa dereva anayekataa abiria wa sura fulani, kwa duka lililoandikwa maneno usiku. Siku nne tu baada ya tarehe 11 Septemba 2001, mwanamume mmoja wa dini ya Singasinga aliuawa kwa risasi katika jimbo la Arizona na mtu aliyemdhania Mwarabu kwa sababu ya kilemba chake. Baada ya mlipuko wa Boston, watumiaji wa mtandao walimtangaza kijana aliyekuwa ametoweka kuwa mshukiwa. Familia yake ilitukanwa kwa siku kadhaa, na baadaye ikajulikana kwamba alikuwa amekwisha kufa kabla ya hapo.

Fanya mambo matatu. Watembelee mapema wale wanaoelekea kushukiwa, na mwende mkiwa wawili au watatu ili ionekane. Waombe viongozi wa dini zote za eneo lenu wasimame pamoja na kuzungumza siku ileile, kwa maana kauli ya pamoja inayotolewa baada ya nyumba kuchomwa huwa ni rambirambi tu. Na ukiwa na habari ya kweli kuhusu mtu, wapelekee wachunguzi, usiipeleke kwenye kundi. Kuripoti mzigo ulioachwa peke yake au mtu anayepima urefu wa uzio ni wajibu. Kuripoti mavazi na lafudhi ni kuwapotezea wachunguzi muda.

Hatua ya saba: Usizielemee hospitali wala maghala

Mjini Tokyo, tarehe 20 Machi 1995, gesi ya sumu iitwayo sarini ilipotolewa ndani ya treni, zaidi ya watu 5,000 walikwenda hospitali, wengi kwa miguu yao au kwa teksi, na sehemu kubwa hawakuwa na madhara makubwa. Waliokuwa na sumu kwenye nguo waliwaathiri pia baadhi ya wahudumu. Kama kuna shaka ya kemikali, ondoka hapo uende kwenye hewa safi, upande ambako upepo unatokea, vua nguo za nje bila kuzipitisha usoni, zifunge kwenye mfuko, jioshe kwa maji mengi, kisha fuata maelekezo ya wahudumu. Kuvua nguo peke yake huondoa sehemu kubwa ya sumu. Kama huna jeraha wala dalili na hukuwa karibu, baki nyumbani, na ukitaka kutoa damu subiri siku itakayotangazwa, kwa sababu mahitaji huendelea kwa wiki kadhaa.

Kuhusu vyakula na mafuta, nunua unachonunua siku zote. Aliye na akiba ya siku chache tangu zamani hana haja ya kupanga foleni, na hilo linaturudisha kwenye hatua ya kwanza.

Hatua ya nane: Kwa wenye kauli

Kiongozi anayesubiri ajue yote ndipo aseme huwaachia wavumishi uwanja. Asimame mapema, aseme anachokijua, aseme asichokijua, aeleze watu wafanye nini sasa, kisha ataje saa atakayorudi kuzungumza na arudi saa hiyo hata kama hana jipya. Asiwaambie watu wasiogope. Kauli hiyo haijawahi kumtuliza mtu. Aepuke pia kuficha habari kwa kisingizio cha kuzuia taharuki. Baada ya milipuko ya treni mjini Madrid tarehe 11 Machi 2004, iliyoua zaidi ya watu 190, serikali ilishikilia kwamba wahusika ni ETA, kundi lenye silaha lililotaka eneo la Wabaski lijitenge na Hispania, hata dalili zilipokuwa zikielekeza kwingine. Watu wakajaa mitaani wakidai ukweli, na siku tatu baadaye chama tawala kikashindwa katika uchaguzi. Taharuki haikutokea, ila hasira ya kudanganywa ilikuwepo.

Hatua ya tisa: Siku na wiki zinazofuata

Zima televisheni. Utafiti uliofanywa Marekani baada ya mlipuko wa Boston ulionyesha kwamba watu waliofuatilia habari za tukio hilo kwa saa sita au zaidi kila siku katika wiki iliyofuata walikuwa na msongo mkubwa kuliko hata baadhi ya waliokuwepo pale. Tazama taarifa mara mbili kwa siku, basi. Mtoto asiachwe peke yake mbele ya picha zinazorudiwarudiwa, maana mtoto mdogo hudhani kila marudio ni jengo jingine linaloanguka.

Aliyenusurika asilazimishwe kusimulia. Mpe maji, mahali pa kukaa, habari za ndugu zake na mtu wa kumsindikiza nyumbani. Akitaka kusema, msikilize bila kumlinganishia na mkasa wako. Kukosa usingizi na kushtuka kwa mlango unaogonga ni kawaida katika wiki za mwanzo. Zikipita wiki nne hali haijapungua, apelekwe kwa mtaalamu.

Pima hatari kwa akili iliyotulia unaporudi katika safari zako. Baada ya Septemba 2001, Wamarekani wengi waliacha ndege wakaendesha magari, na mwanasaikolojia Gerd Gigerenzer alikadiria kwamba katika miezi kumi na miwili iliyofuata watu wapatao 1,500 zaidi walikufa barabarani kwa sababu ya uamuzi huo.

Mambo yakishatulia, kaeni tena kama mlivyokaa ile jioni ya kwanza, mwulizane ni nani hakupatikana kwa saa ngapi na kwa nini. Kadi za namba zilizolowa au kuchakaa ziandikwe upya, na mtoto ambaye mara ya kwanza alikuwa hajui kusoma aandike ya kwake mwenyewe.